Mwezi Gisabo na Baganwa wake

Sisi tuliosoma ukimbizini Tanzania tulimjua Mirambo na Mkwawa kabla ya kumjua Mwezi Gisabo, Mwami wa Burundi aliyetawala zaidi ya nusu karne. Maisha yake yanatufundisha jinsi wakubwa wa nchi wanavyoweza kumzuia mtawala, au kumzidishia nguvu.

Baba yake, Ntare Rugamba, alipanua nchi na kuwagawia wanawe mikoa. Mwezi alirithi kiti akiwa mtoto, na kaka yake Ndivyariye akatawala kwa niaba yake. Alipokua ilimbidi apigane naye ili ashike madaraka. Hata hivyo amri yake ilisikika hasa katikati ya nchi. Kaskazini mashariki wana wa Ntare walijitawala, naye akawaweka wanawe mwenyewe wawe ngao dhidi yao.

Ugomvi huo wa Baganwa ulimpa nafuu mwananchi. Kila muganwa alihitaji watu, hivyo aliyeonewa huku aliweza kuhamia kule. Wala haukuifanya nchi kuwa dhaifu: Rumaliza, mfanyabiashara mkubwa wa Ujiji, alijaribu kuipenya Burundi kutoka ziwani, akashindwa.

Mambo yaligeuka Wajerumani walipojenga boma Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura. Maconco, mkwe wa Mwezi, na Kilima, aliyedai kuwa wa ukoo wa Ntare, walimuunga mkono Kapteni von Beringe. Tarehe 6 Juni 1903, huko Kiganda, Mwezi alisalimu amri. Alitozwa ng'ombe 424, akalazimishwa kuwatambua wawili hao kuwa watawala huru.

Furaha yao haikudumu. Kufikia mwaka 1905 Wajerumani waliona ni rahisi zaidi kutawala kwa kumtumia Mwami mmoja. Maconco aliuawa, Kilima akahamishwa mbali na nchi. Mwezi alirudishiwa heshima yake, lakini chini ya bendera ya kigeni, hadi alipofariki tarehe 21 Agosti 1908.

Basi wakubwa humzuia mtawala maadamu nguvu yao inatoka kwa watu. Wakiipata bomani, wao ndio huwa mikono ya boma. Enzi za Wabelgiji muganwa alikuwa mtumishi wa serikali, na aliyeonewa hakuwa tena na muganwa mwingine wa kumkimbilia. Wengi walivuka mpaka, wakaenda Tanganyika na Uganda.