Mjane wa York

Wageni wanaofika mji wa York, Uingereza, hupelekwa mtaa wa Coppergate kuona mabaki ya makao ya Waviking yaliyofukuliwa miaka ya 1970. Wachache huambiwa kwamba hapo awali palikuwa na kiwanda cha pipi, mali ya kampuni iliyobeba jina la mjane.

Mary Ann Hick alizaliwa mwaka 1829, binti wa Joseph Hick, mtengenezaji wa pipi. Mwaka 1851 aliolewa na Thomas Craven, naye wa kazi hiyo hiyo. Baba yake alifariki mwaka 1860. Miaka miwili baadaye akafariki na mumewe. Akiwa na miaka 33, Mary Ann alibaki na watoto watatu wadogo na biashara mbili, ya baba na ya mume.

Hebu tazama hali yake. Kuuza kulikuwa rahisi, na hakuna ambaye angemlaumu. Kuolewa tena pia kuliwezekana, lakini kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule mali ya mke, biashara ikiwemo, iliingia mikononi mwa mumewe. Bunge lilianza kubadili jambo hilo mwaka 1870, na kulibadili kwa upana mwaka 1882. Mjane, kwa huzuni yake yote, alikuwa na haki ambayo mke hakuwa nayo: kutia sahihi kwa jina lake.

Mary Ann aliunganisha biashara zile mbili na kuziita M. A. Craven.

Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Sukari iliyochemshwa haingoji mtu: moto ukizidi inaungua, ukipungua pipi zinanata. Washindani nao walikuwa mlangoni. Familia ya Terry ilikuwa mjini humo humo, na mwaka ule ule wa 1862 Henry Isaac Rowntree, wa jamii ya Waquaker, alinunua biashara ya kakao iliyokuja kuwa kubwa sana. Mary Ann alishika alichokijua, yaani sukari. Kodi ya sukari ilipofutwa mwaka 1874, pipi zilianza kufika hata mikononi mwa watoto wa maskini.

Mwanawe Joseph William alipokua alijiunga naye, na kampuni ikaitwa M. A. Craven na Mwana. Mama hakuondoka. Aliiongoza kwa miaka 40, hadi alipofariki mwaka 1902, na herufi zake zikabaki mlangoni.