Coleridge, Scott na amana ya shairi lisilotoka

Watungaji wetu wa pwani wanaijua kero hii. Mtu anamsomea mwenzake utungo barazani, au anampa mwimbaji wimbo autie sauti, na kabla haujatoka, mwengine ashatoka na wake wenye mwendo ule ule. Maneno si yale na kisa si kile, lakini aliyeusikia wa kwanza anajua mwendo umetoka wapi. Mwenyewe akilalamika, anaambiwa kuwa mizani haina mwenyewe.

Je, ana haki ya kulalamika? Mimi nasema anayo. Ushahidi wangu ni maisha ya mtu wa mbali, Mwingereza Samuel Taylor Coleridge, kwa sababu yaliyompata yeye yanajulikana mwanzo hadi mwisho, na aliyemuiga alikuja kukiri mwenyewe.

Coleridge alizaliwa tarehe 21 Oktoba 1772 katika mji mdogo wa Ottery St Mary, kusini-magharibi mwa Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi na mwalimu. Alifariki mwaka 1781, na mtoto akapelekwa London kusoma shule ya bweni ya Christ's Hospital. Baadaye aliingia Cambridge, akaondoka mwaka 1794 bila shahada. Alikuwa msomaji asiyeshiba na mzungumzaji ambaye watu hawakuchoka kumsikiliza. Taabu yake ilikuwa kumaliza alichokianza. Juu ya hayo, alikuwa akitumia afyuni kutuliza maumivu, nayo ikamtawala kwa miaka mingi.

Mwaka 1798 yeye na rafiki yake William Wordsworth walitoa diwani ya Lyrical Ballads, iliyobadilisha ushairi wa Kiingereza. Wakati huo Coleridge alikuwa ameshaanza shairi jengine, Christabel. Sehemu ya kwanza aliitunga mwaka 1797, ya pili mwaka 1800. Ni kisa cha binti wa bwana wa ngome anayemkuta mwanamke wa ajabu msituni usiku, akamkaribisha nyumbani bila kujua kuwa amekaribisha balaa.

Ila utamu wa shairi lile ulikuwa katika mizani yake. Sisi tunahesabu silabi. Shairi letu la kawaida lina nane kwa nane, kumi na sita kwa mshororo. Coleridge aliacha kuhesabu silabi, akahesabu mikazo ya sauti: minne kwa kila mstari, silabi ziwe saba au zifike kumi na mbili. Hivyo mstari ulikwenda mbio au ukatulia kwa kadiri ya kisa. Mwenyewe aliihesabu kuwa kanuni mpya. Alitaka shairi liingie katika toleo la pili la Lyrical Ballads, lakini Wordsworth akaamua lisiingie. Likabaki mkononi mwa mtungaji, nusu.

Halikuchapishwa, lakini lilisikika. Coleridge aliwasomea marafiki, na nakala za mkono zikazunguka. Mmoja wa waliolijua, John Stoddart, alikuwa na kumbukumbu kali. Alipofika Scotland alimsomea Walter Scott kwa moyo. Scott akapendezwa na mwendo ule, na alipotunga utenzi wake, The Lay of the Last Minstrel, aliutumia. Utenzi ulitoka Januari 1805, ukampa Scott sifa kubwa. Wakati huo Coleridge alikuwa kisiwani Malta, akifanya kazi ya ukatibu kwa gavana.

Scott hakuiba kisa. Chake kilikuwa cha mipakani mwa Scotland na Uingereza, nchi aliyoijua vizuri. Basi alichukua nini? Alichukua upya. Mizani iliyokwisha kutoka ni ya kila mtu, na sote tumejifunza kwa kuwafuata waliotangulia. Lakini utungo usiotoka, aliousikia mtu kwa kuaminiwa, ni amana. Ukiutumia mwendo wake wewe kwanza, mwenyewe atabaki na maneno yake yote, ila hatapata tena siku ya watu kuusikia kwa mara ya kwanza.

Ndivyo ilivyokuwa. Christabel ilipochapishwa hatimaye mwaka 1816, ilimbidi Coleridge aandike dibaji ya kutaja miaka aliyotunga, watu wasije wakamdhania yeye ndiye mwigaji. Hakumshtaki mtu. Lakini tazama mambo yalivyogeuka: mwenye mali ndiye aliyetakiwa kujieleza.

Lord Byron alifanya vyengine. Mwaka 1815 Scott mwenyewe alimsomea Christabel. Byron akaona kuwa mistari fulani ya utenzi wake, The Siege of Corinth, inafanana nalo. Alisema aliitunga kabla ya kulisikia, na angeweza kuishia hapo. Hakuishia hapo. Kitabu kilipotoka mwaka 1816 alitia maelezo humo humo, akamtaja Coleridge kuwa ndiye mwenye fikra hiyo mwanzo. Tena akamhimiza mchapishaji wake, John Murray, alitoe shairi lenyewe. Likatoka mwaka ule ule.

Scott naye alikiri. Alifanya hivyo mwaka 1830, katika utangulizi mpya wa utenzi wake, miaka 25 baada ya sifa kumfikia. Coleridge alikuwa na umri wa miaka 57, anaishi Highgate, London, katika nyumba ya daktari James Gillman aliyemtunza tangu 1816. Alifariki humo tarehe 25 Julai 1834, na Christabel haikuisha. Dawa ya deni ni kulipa, lakini deni hili lililipwa wakati ambao malipo hayakumfaa tena mdai.

Atakayesema Coleridge naye alikuwa na lake hatakosea. Alikaa na shairi miaka 16. Na katika kitabu chake Biographia Literaria, cha mwaka 1817, alitia kurasa zilizotoka kwa mwanafalsafa Mjerumani Schelling bila kumpa haki yake sawasawa. Hilo halifuti alichotendewa. Linatuonyesha tu kuwa hata aliyedhulumiwa anaweza kudhulumu, na mizani ya haki lazima iwe moja kwa wote.

Kwa hivyo nawaambia vijana wetu wanaotunga na kurekodi: ukisikia kazi ya mwenzako haijatoka, nayo ikakukaa moyoni, mwendee umuulize. Akikwambia ngoja, ngoja. Akikuruhusu, mtaje siku ile ile kazi yako inapotoka, watu wakiwa bado wanasikiliza.