Sherrington, Mzee Aliyehesabu Nguvu

Bibi yangu huinuka kwenye kigoda kwa awamu mbili: kwanza mkono gotini, halafu anatafuta ukuta. Nyumbani tunasema ni uzee, basi. Kumbe ndani ya kuinuka kule kuna hesabu, na aliyetufungulia njia ya kuifanya ni Mwingereza anayeitwa Charles Sherrington.

Alizaliwa London mwaka 1857, akasomea Cambridge na udaktari pia, na ujanani alicheza raga. Alikuwa profesa Liverpool tangu 1895, kisha Oxford tangu 1913. Hakuwa profesa wa kukaa ofisini tu. Mwaka 1915, wakati wa vita, akiwa na miaka 57, alikwenda Birmingham kufanya kibarua kwenye kiwanda cha makombora, zamu ndefu kama wenzake, ili aujue uchovu wa wafanyakazi kwa mwili wake mwenyewe. Sijui ni profesa gani wa leo angekubali hiyo.

Kazi yake kubwa ilikuwa neva. Alionyesha kwamba msuli hautii amri kama kitu kimoja. Seli moja ya neva kwenye uti wa mgongo hutuma tawi lake refu hadi kwenye msuli, na huko linagawanyika kushika nyuzi kadhaa. Seli ikituma amri, nyuzi zake zote hukaza pamoja. Tuite kikosi. Misuli ya jicho ina vikosi vyenye nyuzi chache, ndiyo maana jicho linasogea kwa ustadi. Kwenye paja, kikosi kimoja kinaweza kuwa na mamia. Mwaka 1930, yeye na kijana wa Australia, John Eccles, walichapisha hesabu ya vikosi katika baadhi ya misuli ya mguu wa paka, na nguvu ya kila kimoja. Miaka miwili baadaye alipata Nobel pamoja na Edgar Adrian. Alikuwa na miaka 75.

Uzeeni baridi yabisi ilimbana viungo, lakini akili ilibaki kali. Alifariki Eastbourne, Machi 1952, akiwa na miaka 94.

Hesabu yake ikahamia kwa binadamu. Mwaka 1973 watafiti wa Kanada walichapisha vipimo vya msuli mdogo wa mguuni: hadi miaka 60 hivi vikosi havikupungua sana, baada ya hapo vikaporomoka. Seli ya neva ikifa, nyuzi zake hubaki yatima. Seli jirani huchipua matawi na kuzilea baadhi, kwa hiyo vikosi vinabaki vichache lakini vinene, visivyo na ustadi ule. Zisizopata mlezi hunyauka. Nyuzi za kasi huumia zaidi, zile unazozihitaji ukijikwaa kwenye ngazi za hosteli usiku umeme umekatika.

Seli iliyokufa haifufuki kwa mazoezi. Ila zilizobaki hufundishika. Mwaka 1990 yalichapishwa majaribio ya Boston: wazee dhaifu kumi wa makao ya kulelea wazee, wastani wa miaka 90, walipewa vyuma wanyanyue kwa miguu kwa wiki nane. Waliomaliza, nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wawili wakaacha mkongojo.