Marehemu Muljibhai Madhvani na Mali Kauli

Muljibhai Madhvani alizaliwa mwaka 1894 karibu na Porbandar, Gujarat. Mwaka 1908, akiwa na miaka 14, alivuka bahari kwenda Uganda bila mtaji wowote. Alipokelewa Iganga na jamaa zake, Vithaldas na Kalidas Haridas, wenye duka. Hapo alijifunza kuuza, kutunza daftari na, lililo gumu zaidi, kumtambua mtu wa kumpa mali kauli. Walimwamini hata wakamkabidhi duka la Jinja.

Wazee wetu wa maduka ya Mbulu na Katesh waliijua njia hiyo: bidhaa hutangulia, fedha hufuata baada ya mavuno, na mwenye kuvunja ahadi mara moja hufungiwa mlango na wauzaji wa jumla wote.

Mwaka 1918 zilinunuliwa ekari 800 huko Kakira. Kiwanda cha sukari kikafunguliwa mwaka 1930. Sasa udugu pekee haukutosha. Kiwanda kilitaka mikono mingi isiyo ya ukoo wake, naye akawajengea wafanyakazi nyumba, shule na hospitali. Alifariki mwaka 1958, mwanawe Jayant akashika uongozi.