Dakta Leakey wa Olduvai

Wengi wetu huku Mbulu na Hanang tumesikia habari za fuvu la Olduvai, lakini si wote wanaojua kwamba Dakta Louis Leakey alizaliwa katika nyumba ya misheni ya Kanisa letu. Ilikuwa Kabete, nchini Kenya, tarehe 7 Agosti 1903. Baba yake, Kanoni Harry Leakey wa C.M.S., alishiriki kutafsiri Biblia kwa Kikuyu. Kijana alikua akisema Kikuyu sawasawa na wenzake, naye alikusudia kuwa mmisionari.

Alipokuwa akisoma Cambridge aliumia kichwa katika mchezo wa raga, ikabidi apumzike masomo. Mwaka 1924 akaja Tendaguru, huko Lindi, kuchimba mifupa ya wanyama wakubwa wa kale, na hapo akaipenda kazi hiyo.

Olduvai alifika mara ya kwanza mwaka 1931. Kutoka kwetu ni kupita Karatu, kupanda Ngorongoro na kuteremka upande wa pili. Zamani palikuwa na ziwa. Matope yake na majivu ya volkano yaliifunika mifupa, ikageuka mawe. Trekta haifai hapo. Mtu hupiga magoti juani, akikwangua kwa patasi ndogo na kwa vyombo kama vya daktari wa meno, akipangusa kwa brashi, na udongo huchekechwa ili hata jino moja lisipotee. Wengi walioifanya kazi hiyo walikuwa Waafrika, kama Heselon Mukiri aliyechimba naye miaka mingi. Majina yao hayatajwi vya kutosha.

Haraka iliwahi kumponza. Mwaka 1932 taya la mtu lilipatikana Kanam, karibu na Ziwa Viktoria, akatangaza kuwa ni la kale mno. Mtaalamu wa miamba alipokuja kutoka Uingereza kukagua, Leakey hakuweza kumwonyesha mahali penyewe kwa hakika, kwani vyuma vya alama vilikwisha kung'olewa. Aibu hiyo ilimwandama. Miaka hiyohiyo alimwacha mke wake wa kwanza, jambo lililowasikitisha wengi, wala hatuoni sababu ya kulificha.

Tarehe 17 Julai 1959, baada ya miaka 28, Leakey alikuwa amelala kambini na homa. Aliyeliona fuvu ni Mary, mke wake wa pili: mfupa umechomoza mtelemkoni, na meno mawili makubwa. Akarudi mbio kumwita mgonjwa, naye akaisahau homa. Lilikuwa limevunjika vipande mamia, wakaviunganisha kimoja kimoja. Leakey aliliita Zinjanthropus, akasema huyo ndiye aliyechonga zana za mawe zilizokuwa hapo. Mwaka 1961 miamba ilipimwa, ikaonekana ina umri wa miaka kama 1,750,000.

Lakini mifupa mingine iliyopatikana tangu 1960 ilikuwa ya kiumbe mwenye ubongo mkubwa zaidi. Mwaka 1964 yeye na wenzake walikiita Homo habilis, na Leakey akakubali kwamba yaelekea hao ndio waliochonga zana. Kwa mtu aliyekwisha kutangaza dunia nzima, si jambo dogo.

Fuvu lililetwa Tanzania mwaka 1965, likawekwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Leakey alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972. Alizikwa Limuru, karibu na wazazi wake.