Khayr al-Din wa Tunis: Mtumwa Aliyetaka Mtawala Awe Chini ya Sheria

Ndugu zangu, kila tukijadili Uislamu na demokrasia, mimi humkumbuka Khayr al-Din.

Alizaliwa Kaukazi, akauzwa utumwani Istanbul angali mtoto, kisha akapelekwa Tunis kwa Bey. Huko alisoma, akapanda vyeo jeshini hadi akawa waziri. Mwaka 1861 Tunis ilipata katiba, naye akaongoza Baraza Kuu lililopaswa kumdhibiti Bey. Alipoona baraza linatumiwa kuhalalisha matakwa ya wakubwa, alijiuzulu mwaka 1862. Mwaka 1864 kodi ilipandishwa maradufu, raia wakaasi, na katiba ikasimamishwa.

Hakunyamaza. Mwaka 1867 alichapisha kitabu chake, Aqwam al-Masalik. Alieleza kwamba Ulaya imeendelea kwa uadilifu na taasisi zake, si kwa dini yake, na kwamba kumwajibisha mtawala ni katika shura tuliyoamrishwa.

Akiwa waziri mkuu, 1873 hadi 1877, alianzisha Chuo cha Sadiki, kilichofundisha elimu ya dini pamoja na sayansi na lugha za kigeni. Lakini katiba hakuirudisha. Alipoondolewa, hapakuwa na baraza la kulinda mageuzi yake, na mwaka 1881 Ufaransa ikaitwaa nchi. Alifariki Istanbul mwaka 1890.

Kwangu mimi, funzo liko hapo: chuo kilibaki kwa sababu kilikuwa taasisi, mengine yalimtegemea yeye. Basi hata jumuiya yetu tuijenge kwa katiba, uchaguzi na mahesabu ya wazi, tusitegemee wema wa amiri mmoja. Allah amrehemu.