Denis Burkitt: Daktari aliyeifuata saratani ya watoto barabarani

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa na mwenzake, Hugh Trowell, amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Taya za mtoto huyo zilikuwa zimevimba pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Meno yalikuwa yamelegea, na uso wenyewe ulikuwa umepotea umbo.

Burkitt hakuwa na jawabu. Uvimbe wa upande mmja wa taya ungeweza kuwa usaha au saratani ya kawaida, lakini pande nne kwa pamoja ni jambo ambalo hakulikuta katika vitabu vyake. Alimpiga picha mtoto yule na kuandika aliyoyaona.

Wiki chache baadaye alikuwa katika hospitali ya Jinja akiwazungukia wagonjwa. Alipotupa jicho dirishani alimwona mtoto mwingine nje, yupo na mama yake, mwenye uso uleule. Safari hii Burkitt hakuridhika kutazama taya peke yake. Alipompapasa tumbo alikuta uvimbe humo pia.

Aliporudi Kampala alifungua majalada ya wagonjwa wa zamani. Humo aligundua kwamba watoto wenye taya zilizovimba aghalabu walikuwa na uvimbe mwingine pia: kwenye figo, kwenye ini, kwenye ovari, nyuma ya jicho. Kila kimoja kilikuwa kimeandikwa kwa jina lake na katika wodi yake, kana kwamba ni maradhi mbalimbali. Wataalamu wa maabara, Jack Davies na Gregory O'Conor, walithibitisha kuwa yote yalikuwa maradhi mamoja, saratani ya chembe za mfumo wa kinga ambayo leo huitwa limfoma. Katika daftari la saratani la Kampala, ugonjwa huu ulichukua karibu nusu ya saratani zote za watoto.

Wala haukuwa ugonjwa mpya. Albert Cook, mmishonari aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa ameacha katika kumbukumbu zake maelezo ya watoto wa namna hiyo tangu mapema katika karne ya 20. Kwa zaidi ya nusu karne basi wazazi walikuwa wakiwaleta watoto hospitalini na kurudi nao nyumbani kuwazika, na kila daktari alimwona mtoto wake mmoja au wawili akaishia hapo.

Mtoto wa mpima ndege

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James, alikuwa mhandisi wa serikali za mitaa, lakini jina lake limebaki katika vitabu kwa sababu nyingine. Alikuwa akiwavisha ndege pete ndogo miguuni na kuchora ramani ya eneo la kila mmoja, kazi iliyomfanya awe miongoni mwa watangulizi wa elimu hiyo. Ni vigumu kutoiona kazi ya baba katika yale aliyoyafanya mwana miaka 30 baadaye.

Akiwa na umri wa miaka 11 Denis alipigwa jiwe na jicho lake la kulia likaharibika kabisa. Aliishi maisha yake yote kwa jicho moja, na la pili la kioo.

Alijiunga na chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi, akaacha na kuhamia udaktari, na alihitimu mwaka 1935. Alikuwa Mkristo wa dhati aliyeamini kuwa ameitwa kutumika ng'ambo. Hata hivyo, alipoomba kazi ya serikali ya kikoloni Afrika Magharibi alikataliwa: daktari wa upasuaji mwenye jicho moja hakuaminika. Vita vilibadili mambo. Jeshi la Uingereza lilimchukua mwaka 1941, likamleta Kenya na Somalia, na vita vilipokwisha akapelekwa Uganda. Afrika Mashariki haikuwa ngeni kwa jamaa zake. Ami yake, Roland Burkitt, alikuwa daktari wa upasuaji maarufu mjini Nairobi tangu siku za mwanzo za ukoloni.

Kituo chake cha kwanza, mwaka 1946, kilikuwa Lira katika wilaya ya Lango. Huko alifanya jambo dogo ambalo wengi hawalikumbuki. Aliona kuwa wanaume waliokuja kupasuliwa busha walitoka sana upande wa mashariki wa wilaya, ilhali magharibi ugonjwa ulikuwa adimu. Akaandika tofauti hiyo na kuichapisha. Baadaye ilieleweka kuwa tofauti hiyo ilifuata vimelea vya matende, ambavyo huenezwa na mbu. Daktari wa upasuaji wa kawaida angepasua mabusha na kwenda zake nyumbani. Burkitt aliuliza wagonjwa wanatoka wapi.

Pauni 25

Swali hilohilo ndilo aliloliuliza kuhusu watoto wa taya. Makala yake ya kwanza, iliyochapishwa nchini Uingereza mwaka 1958, haikumshtua mtu. Alipoomba fedha za utafiti serikali ilimpa pauni 25, ambazo alizitumia kuchapisha vipeperushi vyenye picha za wagonjwa na kununua stempu. Vipeperushi zaidi ya 1,000 vilitumwa kwa hospitali za serikali na za misheni barani Afrika, na ombi lilikuwa moja: je, mmewahi kumwona mtoto kama huyu?

Majibu yalianza kurudi, na kila palipoonekana mgonjwa Burkitt alichomeka pini kwenye ramani iliyotundikwa ukutani ofisini kwake Mulago. Pini zilijipanga zenyewe. Zilichora ukanda mpana unaokata katikati ya Afrika, takriban nyuzi 15 kaskazini na nyuzi 15 kusini mwa Ikweta, wenye mkia unaoteremka kusini kufuata pwani ya Msumbiji.

Ndani ya ukanda huo mlikuwa na mapengo. Watoto wa West Nile, Lango na Busoga waliugua. Wa milima ya Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, hawakuugua. Nchini Kenya ugonjwa ulikuwapo kando ya Ziwa Victoria na pwani, lakini si katika nyanda za juu. Rwanda na Burundi zilikuwa karibu tupu.

Wiki kumi ndani ya gari kuukuu

Palibaki suala la mpaka. Ugonjwa huu unaishia wapi hasa, na kwa nini? Barua hazikutosha kulijibu. Tarehe 7 Oktoba 1961 Burkitt aliondoka Kampala na madaktari wawili wamishonari, Ted Williams wa hospitali ya Kuluva karibu na Arua, na Cliff Nelson. Gari lao lilikuwa Ford la mwaka 1954 lililonunuliwa kwa pauni 250. Williams alichaguliwa pia kwa sababu alikuwa fundi, jambo ambalo kwa barabara za wakati ule lilikuwa na uzito sawa na shahada ya udaktari.

Walipita Tanganyika, ambayo wiki hizo ilikuwa ikijiandaa kwa uhuru wake wa Desemba 9, wakashuka Nyasaland, Rhodesia na Msumbiji hadi Afrika Kusini, kisha wakarudi. Walisafiri wiki kumi, maili zipatazo 10,000, na kutembelea hospitali karibu 60. Safari nzima iligharimu chini ya pauni 700. Katika kila hospitali Burkitt alitoa picha zake na kuuliza. Mahali pengine daktari alitikisa kichwa; pengine alimchukua moja kwa moja hadi kitandani kwa mtoto.

Mwisho wa safari picha ilikuwa wazi. Karibu na Ikweta ugonjwa ulikoma kwenye mwinuko wa futi zipatazo 5,000, na kadiri walivyokwenda kusini ndivyo ulivyokoma chini zaidi. Alexander Haddow, aliyeongoza taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, alitambua kuwa hapo mwinuko si hoja. Hoja ni joto. Ulipokuwa na baridi au ukame, ugonjwa haukuwapo. Na kitu kinachohitaji joto na mvua, kwa mtu aliyeishi Afrika, kina jina linalojulikana.

Mbu, lakini si kwa namna ile

Burkitt alikisia kuwa saratani hii huletwa na virusi vinavyobebwa na mbu. Kisio hilo lilikuwa na makosa, lakini makosa yenye faida kubwa.

Mnamo Machi 1961, kabla ya safari ndefu, alikuwa ametoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex mjini London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo mtafiti kijana, Anthony Epstein, aliyekuwa akitafuta virusi vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Wawili hao walikubaliana, na vipande vya uvimbe kutoka Kampala vikaanza kusafirishwa kwa ndege hadi London. Kwa takriban miaka miwili Epstein hakupata kitu. Kisha mwishoni mwa 1963 ndege moja ilichelewa kwa ukungu na kutua Manchester, na chembe zilizokuwa ndani ya chupa zikafika zikielea, zikiwa hai. Kutoka kwa vipande hivyo Epstein, pamoja na Bert Achong wa Trinidad na Yvonne Barr wa Ireland, walikuza chembe za saratani na kuona ndani yake virusi vipya. Walitangaza matokeo mwezi Machi 1964. Hivyo ndivyo virusi vya Epstein-Barr vilivyojulikana, virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Epstein alifariki dunia mwezi Februari 2024, akiwa na umri wa miaka 102.

Lakini virusi hivyo havibebwi na mbu. Huenezwa kwa mate, na karibu watu wazima wote duniani wanavyo. Kwa nini basi watoto wa Lango waugue na wa London wasiugue? Jibu lilikuwa ndani ya ramani ileile. Mwaka 1970 Burkitt na mtaalamu wa malaria wa Uganda, G. W. Kafuko, walichapisha ulinganisho wa ugonjwa huu na malaria wilaya kwa wilaya: palipokuwa na malaria kali mwaka mzima ndipo palipokuwa na saratani. Unguja na Pemba, visiwa vyenye joto na mvua ya kutosha ambako malaria ilikuwa imepigwa vita vikali, ugonjwa ulikuwa adimu. Malaria ya mara kwa mara huchosha kinga ya mtoto na kuzichochea chembe zilizobeba virusi zigawanyike bila kukoma, hadi siku moja hitilafu ya urithi itokee ndani ya chembe moja na saratani ianze.

Mbu alikuwa na hatia, ila si kwa kosa aliloshtakiwa.

Daktari anayeweka kisu chini

Uvimbe huu ni miongoni mwa saratani zinazokua upesi kuliko zote. Huweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Burkitt aliyaondoa mataya ya watoto kwa kisu na uvimbe ukarudi. Mashine ya mionzi haikuwapo Kampala. Akageukia dawa za saratani, ambazo wakati huo zilikuwa changa, nyingine akizipata kwa hisani ya watafiti na makampuni ya Marekani.

Matokeo yalikuwa ya kushangaza. Baadhi ya watoto waliopewa dozi moja au mbili tu, kiasi ambacho hospitali ya Marekani isingethubutu kukiita matibabu, uvimbe wao uliyeyuka na haukurudi. Miaka ile saratani iliyosambaa mwilini ilihesabiwa kuwa hukumu ya kifo popote duniani. Ithibati kwamba dawa pekee zaweza kuiponya ilitoka kwa sehemu kubwa katika wodi za Mulago, na mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa hapo. Ndicho kilichokua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Wamarekani waliokiendesha waliondoka wakati wa utawala wa Idi Amin, na kazi ikashikwa na Waganda, wakiongozwa na Charles Olweny, kwa dawa haba na katika miaka ya hatari.

Ni haki pia kuitazama hesabu upande wa pili. Ugonjwa uliitwa kwa jina la Burkitt, virusi kwa majina ya Epstein na Barr. Watoto ambao vipande vya miili yao viliruka hadi London wamebaki nyuso katika picha, hawana majina katika vitabu. Wala haiwezekani kujua leo mama zao walielezwa nini. Burkitt alikuwa mtu mpole na mnyenyekevu kwa ushahidi wa wengi waliomjua, lakini alifanya kazi ndani ya dola ambayo haikuwa na desturi ya kuwauliza wenyeji ridhaa.

Miaka ya mwisho

Aliondoka Uganda mwaka 1966. Nchini Uingereza alianza maisha ya pili: kwa ramani na dodoso zilezile aliuliza kwa nini maradhi ya utumbo yaliyojaa Ulaya hayakuonekana katika vijiji vya Afrika, na akajibu kuwa ni kwa sababu Waafrika walikula nyuzinyuzi za nafaka na mboga ambazo Wazungu walizikoboa na kuzitupa. Wataalamu walimpinga kwa baadhi ya hoja, na si zote zimesimama, ila kitabu chake cha 1979 kilibadilisha kifungua kinywa cha mamilioni ya watu. Alifariki dunia tarehe 23 Machi 1993 mjini Gloucester, akiwa na miaka 82.

Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto tisa kati ya kumi wanaopata limfoma ya Burkitt hupona leo. Afrika Mashariki, kulikopatikana maarifa hayo, wanaopona ni wachache zaidi. Wengi hufika hospitalini wakiwa wamechelewa, baada ya kupelekwa kung'olewa meno yaliyolegea. Wengine huacha matibabu katikati kwa sababu nauli ya kurudi Kampala imekosekana.